Bamia za Sitaki Utani

Mke wangu analipwa kwa kusema pole. Yeye mwenyewe atakwambia ni msemaji wa kampuni ya michezo ya simu, na ofisini wanamwita hivyohivyo, Msemaji. Lakini mimi ninayeishi naye naijua kazi yenyewe. Watu wanacheza, mchezo unaharibika, wanakasirika, wanaandika, na yeye anawajibu. Kutwa nzima anagawa pole kwa watu asiowajua. Akirudi nyumbani nikamkosea kidogo tu, zamu ya kuisema inakuwa yangu.

Mchezo wenyewe unaitwa Mbuzi wa Jirani. Una bustani yako, unapanda mboga, unamwagilia, unavuna, na kazi kubwa ni kumzuia mbuzi wa jirani asiingie. Basi, hakuna kingine. Mimi ni fundi wa vigae. Nilipoambiwa kwamba watu wazima wanahangaika kumfukuza mbuzi ambaye hayupo, nilicheka mpaka mwiko ukanidondoka. Nikaupakua mchezo nikaone huo ujinga. Siku hiyo sikula mchana.

Kabla ya hapo mke wangu alikuwa mapokezi kwa daktari wa meno, na huko ndiko alikopata elimu yake. Mtu mwenye jino, anasema, hataki maelezo. Kwanza mpe pole, halafu mwulize linauma wapi. Kwa hiyo kila mchezaji anayelalamika anapewa pole yake, kisha maswali yaleyale: ulikuwa unafanya nini, ukabonyeza nini, kisha ikawaje? Majibu anayapeleka kwa waandishi wa programu. Wenyewe hitilafu wanaiita mdudu. Siku moja walitangaza bila kumwuliza kwamba toleo jipya limeua wadudu watatu, na wachezaji, maana wao ni watu wa bustani, wakaanza kuulizia jina la dawa. Tangu siku hiyo hakuna tangazo linalotoka bila kupita mikononi mwake.

Mama yangu mzazi alikuwa haitambui elimu hiyo. Mama alikuja kwetu akae wiki mbili, magoti yapate nafuu. Magoti yakapata nafuu, mama akabaki, nasi tukafurahi, ila alikuja na msemo wake. "Mimi sisemi kitu," ataanza, na yeyote aliyelelewa naye anajua kwamba hapo ndipo gari linapowashwa. "Sisemi kitu, lakini mtu mzima na akili zake anaamka, anaoga, anapiga pasi, aende kucheza na simu? Enzi zetu kazi ilikuwa kazi."

"Ndiyo, Mama," mke wangu anajibu, anaingia chumbani kuvua viatu. Hakuwahi kumjibu vibaya, hata siku moja. Mimi katikati yao nilikuwa najifanya natafuta rimoti.

Sasa, kati ya wachezaji wote kulikuwa na mmoja aliyejiita Sitaki Utani. Ujumbe wake wa kwanza mke wangu alinisomea kitandani, nikacheka mpaka nikaziba mdomo kwa shuka ili mama asiamke. "Nyinyi watu wa mbuzi. Jana bamia zangu zote zimeliwa na uzio niliufunga mwenyewe. Leo tena. Mimi si mtoto. Rudisheni bamia."

Mke wangu akajibu: "Pole sana. Bamia zinachukua muda kukua, najua. Tafadhali niambie, ulikuwa unafanya nini, ukabonyeza nini, kisha ikawaje?"

"Nilikuwa navuna. Sikubonyeza kitu. Ikawa hakuna."

Hakuna mchezaji hata mmoja duniani aliyewahi kubonyeza kitu. Mke wangu hilo analijua, akaendelea kuuliza kwa upole, na Sitaki Utani akaendelea kufoka kila jioni, mara tu mke wangu anapofika nyumbani na kuvua viatu. Tukamchorea na sura: mwalimu mkuu mstaafu, mwenye masharubu na kaptula. Nakiri tulikuwa tunampenda.

Lakini mambo yakawa mazito. Baada ya toleo la mwezi ule, si Sitaki Utani peke yake aliyepoteza mavuno. Walikuja wengine, wengi, na kila mmoja hakubonyeza kitu. Mwandishi wao mkuu wa programu, kijana wanayemwita Kobe kwa jinsi anavyotembea, alivuna bamia ofisini mpaka vidole vikamuuma na hakupoteza hata moja. Wachezaji wakaanza kuondoka. Bosi akashika kichwa. Si mtu mbaya bosi wao, ila ana ugonjwa wa kupenda kitu kipya, na kipya alichokuwa ameonyeshwa ni mashine ya kujibu wateja. Ukiandika bamia zimepotea, inasema: asante kwa maoni yako, tunayafanyia kazi. Ukiandika unakufa, inasema vilevile.

"Nakupa mpaka Jumatatu," akamwambia mke wangu. "Hiyo hitilafu ikipatikana na huyo Sitaki Utani wako akanyamaza, unabaki. Akilalamika tena, mashine inakaa kwenye kiti chako."

Nyumbani alinisimulia kwa sauti ya chini, lakini ukuta wetu ni mwembamba, neno mojamoja hupenya. Hakulia. Alikaa kitandani akaniuliza kama kwa daktari wa meno watakuwa wameshapata mtu, na hilo liliniuma kuliko machozi.

Kisha akapata wazo. Akamwomba Sitaki Utani arekodi kioo cha simu, pamoja na sauti, wakati anavuna. Kumfundisha kwa maandishi ilikuwa shughuli pevu. Telezesha kidole kutoka juu. Juu wapi? Juu kabisa ya kioo. Nimetelezesha, imekuja tochi. Izime tochi, kuna alama ya kamera ndogo pembeni. Sina miwani, subiri. Alimfundisha jioni nzima, neno kwa neno, bila kuchoka. Na jioni hiyohiyo, nakumbuka vizuri, mama aliniita nimtafutie miwani yake, nikampa nikaenda zangu. Akili yangu mimi ni ya vigae.

Rekodi ilifika. Asubuhi ya Ijumaa mke wangu akaifungua ofisini kwenye ile televisheni kubwa, spika zimewashwa, ili Kobe na wenzake waone vizuri. Yaliyofuata nimesimuliwa mara nyingi hivi kwamba nayaona kama nilikuwepo. Bustani ikatokea, safi ajabu, matuta yamenyooka, uzio hauna tundu. Kidole kikagusa bamia. Vikapu vikaanza kujaa. Halafu kwenye spika ukasikika mlango, ule mlio wa bawaba ambao mimi nimeahidi kuutia mafuta tangu mwaka juzi. Na sauti ya mwanamke, changamfu, ikajaza ofisi nzima: "Hodi! Mama, nimerudi!"

Kioo kikawa cheusi. Rekodi imeishia hapo.

Kobe akageuka polepole. "Msemaji, huyu anayebisha hodi mbona ana sauti kama yako?"

"Rudisha," mke wangu akasema. Wakarudisha. Mlango, hodi, giza. Wakarudisha tena. Safari hii akaketi sakafuni, pale pale kwenye zulia, mikono mdomoni, anatikisika kwa kicheko, wenzake hawajui wampe maji au wampigie daktari. Halafu akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Kochi! Kila nikiingia mkono wake uko chini ya mto wa kochi! Anaizima na kuificha! Kobe, izime simu! Vikapu vikiwa vinajaa, izime ghafla kama mwizi!"

Kobe akavuna, akabonyeza kitufe cha pembeni, kioo kikazima. Akawasha. Bustani tupu, na mbuzi amesimama katikati anatafuna.

Wanasema kelele zilizopigwa hapo zilimtoa mlinzi getini. Kobe alikimbia, waliokuwepo wanaapa. Jambo lilikuwa jepesi mno: mchezo ulikuwa unaweka kumbukumbu ya mavuno baada ya vikapu kujaa, na ukiuzima kabla, ukiamka hauoni bamia wala vikapu, unadhani mbuzi keshapita. Ofisini wasingeliona hata wangekesha. Kwao kucheza ndiyo kazi. Bosi akiingia, wanaongeza sauti.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye bafu la watu, nanyoosha mstari wa vigae, simu ikaita. "Mume wangu," akasema, anahema. "Sitaki Utani ni mama yako."

Nilikaa chini. Mwezi mzima tumelala tunachora masharubu! Wamekuwa wakiandikiana, mmoja sebuleni na mwingine chumbani, ukuta tu katikati, huyu anafoka na huyu anatoa pole. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba kinaweza pia kuwa kinakulia chakula chako na kukusema juu yake.

Ikabaki kuwaambia wachezaji. Bosi alitaka tangazo la kawaida: toleo hili lina maboresho mbalimbali. Mke wangu akagoma. "Maboresho mbalimbali ni nini, bosi? Daktari anamwambia mtu una ugonjwa mbalimbali? Mficha maradhi kifo humuumbua. Kosa letu tuliseme, na aliyetuonyesha tumtaje." Maana ndiyo desturi aliyoianzisha: aliyekamata hitilafu anashukuriwa kwa jina lake la mchezoni, wote waone.

Lakini kwanza akaomba ruhusa. Aliandika kama kawaida, kwa heshima, bila kujitambulisha: hitilafu imepatikana, ni kwa msaada wako, je, tunaweza kukutaja? Jibu likaja upesi.

"Nitajeni, sina ubaya. Ila kuna mkwe wangu anafanya kazi za simusimu kama zenu, asijue. Nimeshamsema sana, uso wangu nitauweka wapi? Na huyo anayenijibu mwambieni amelelewa. Namfokea kila siku na yeye ananipa pole. Ningekuwa na mtu kama huyo hapa nyumbani, ningeshukuru."

Mke wangu alilisoma mara nyingi. Alifurahi, na ikamuuma, kwa sababu mtu kama huyo alikuwepo nyumbani, chumba cha pili, anavua viatu. Hakulionyesha kwa yeyote ofisini. Akaandika tangazo.

"Ndugu wachezaji, poleni. Mavuno yenu hayakuliwa na mbuzi. Kosa ni letu. Ulipozima simu wakati vikapu vinajaa, mchezo ulisahau ulichovuna. Hatukujua, kwa sababu sisi hatuna wa kumficha. Sasa mavuno yanahesabiwa mara tu unapogusa tunda. Waliopoteza watarudishiwa. Ficheni simu kwa amani. Asante ya pekee kwa Sitaki Utani, aliyetufungua macho."

Mchana toleo likatoka, na majibu yakamiminika kama mvua ya mawe. Mmoja anamficha mume. Mwingine anaitumbukiza simu kwenye gunia la unga mama mwenye nyumba akipita. Mmoja ni mwalimu, anawaficha wanafunzi. Ofisi nzima ilikuwa inasoma kwa sauti na kugongana mikono. Bosi alicheka pia, ila alipomaliza akasema bado anamsubiri Sitaki Utani.

Jioni hiyo niliacha vigae vya watu, nikawahi nyumbani. Mama alikuwa kwenye kochi, miwani puani, simu mkononi, ameinama. Mimi hata hanifichi. Ananihesabu kama kiti. Nikamsikia mke wangu getini, halafu mlangoni, halafu kimya. Baadaye aliniambia alisimama pale akitaka kukohoa, kutikisa funguo, chochote, mama apate kuvuna kwa raha. Lakini mama asipomficha simu, atajuaje kama mchezo umepona? Bawaba ikalia.

"Hodi! Mama, nimerudi!"

Simu ikaingia chini ya mto. Nimeona mafundi wenye mikono myepesi, lakini mkono kama ule wa mama sijauona kwingine. Akaukazia ukuta macho kana kwamba ndio alikuwa anausoma. "Umerudi, mwanangu."

"Nimerudi, Mama." Na mke wangu akaketi.

"Huendi kuvua viatu?"

"Nimechoka, Mama. Nakaa kidogo."

Tukakaa. Mke wangu alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Mama akakohoa. Akarekebisha kanga. Akauliza kama kuna jua kali huko nje, saa hiyo jua limeshazama. Mwishowe uvumilivu ukamshinda, akauingiza mkono chini ya mto, akaitoa simu kidogo, akaiwasha, akachungulia.

"Zipo!" akapiga kelele. "Bamia zangu zipo!"

"Zote?" Mke wangu alikuwa ameshasimama, mkoba sakafuni. "Mama, hebu tazama kikapu cha mwisho, na chenyewe kimejaa?"

"Kimejaa! Zote, mwanangu, hata zile changa!"

Wakawa wameshikana mikono, wanarukaruka, mama na magoti yake hayohayo, ndipo wote wawili wakasikia walichosema. Wakaachiana.

"Ni wewe," mama akasema.

"Ni mimi, Mama. Pole kwa zile za mwanzo."

Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mimi sisemi kitu," akasema. Nikaisubiri ile "lakini" niliyoizoea tangu utotoni. Haikuja. Badala yake akaketi, akainamia simu, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, na alipomaliza akatusomea kwa sauti.

"Nyinyi watu wa mbuzi. Bamia zimerudi. Nimesikia mnataka kuniwekea mashine. Siitaki. Huyo anayenijibu ni mkwe wangu."

Akautuma, akasogea akampa mke wangu nafasi kwenye kochi, na kumwambia avue viatu hapohapo.