Sanduku la Besi la Msellem

Msellem alikuwa mpaka chokaa. Mchana alipaka kuta za hoteli na nyumba za watu mjini Malindi, na siku za arusi alipiga gitaa la besi katika kilabu cha tarabu cha mtaani kwao Shela. Lakini ukimuuliza kazi yake, chokaa hakuitaja hata siku moja. "Mimi ni mtu wa besi," atakwambia, na huku kucha zimemganda nyeupe.

Alikuwa mtu mpole, mwenye sala zake tano. Mamake alikufa akimwombea kwamba Mola amwondoshee yale magitaa, na yeye ada za mazishi zilipokwisha alirudi kwenye gitaa lake kwa aibu, kama mtu anayerudi kwa mke waliyemkataza. Hakuwa na jingine la kumtambulisha katika watu. Hakusoma, hakurithi, na sauti ya kuimba hakupewa. Alipewa vidole tu.

Sanduku lake la kwanza la besi alitengenezewa na Saad, fundi wa redio, kwa mbao za makasha ya chai na spika iliyotolewa katika gari la matangazo ya sinema. Lilimfaa miaka mingi. Mwaka wa themanini na sita, arusini Mambrui, likatoa moshi likanyamaza. Bi Chiku, mwimbaji wao, aliimba ubeti mzima huku anakohoa.

Moshi ulipopepewa ukaisha, arusi iliendelea, na hapo ndipo moyo wa Msellem ulipoingia baridi. Katika kilabu mlikuwa na kijana wa Kigiriama kutoka Kaloleni, jina lake Tsuma, aliyejifunza kinanda katika shule ya wamisheni. Tsuma alikuwa amepata kinanda kipya cha umeme kutoka Dubai. Aliposikia besi imekatika, aliushusha mkono wa kushoto kwenye sauti nzito akapiga besi yeye, na mkono wa kulia ukaendelea na wimbo. Wanawake waliokaa mikekani hawakujua hata kama kuna mtu aliyeacha kupiga.

Siku chache baadaye Abdillahi, mkuu wa kilabu, alimwendea Msellem kwenye jengo alilokuwa akilipaka. Walisoma chuo kimoja cha Kurani hawa wawili, wakichapwa fimbo moja.

"Shuka, yakhe, nina neno."

Msellem akashuka ngazi. "Lisiwe la msiba."

"Wenzetu wanasema kinanda kina besi yake ndani. Wanauliza, sanduku jingine la nini?"

"Na wewe wasemaje?"

"Mimi nimekutetea mpaka nimekauka mate. Wamekubali tununue, lakini kwa sharti. Tunakwenda kupiga kwa Bi Kibibi, akimwoza bintiye. Ukichagua chombo, besi ikakaa vizuri siku hiyo, umebaki. Isipokaa..." Abdillahi akaivua kofia yake akaipuliza vumbi lisilokuwako. "Isipokaa, Tsuma atapiga yote. Basi chagua vizuri, ndugu yangu. Mwenye masikio ni wewe."

Huko Watamu, mbele kidogo ya Gede, palikuwa na hoteli iliyoifukuza bendi yake ya dansi na kuuza vyombo vyote. Msellem alikwenda, na Abdillahi akampa Tsuma afuatane naye, kwa kuwa maandishi ya kwenye vidude vile yalikuwa ya Kiingereza. Mtunza stoo, mtu mmoja mcheshi akiitwa Kahindi, aliwafungulia mlango huku funguo zikimning'inia kiunoni.

"Karibuni makaburini," akasema. "Bendi imekufa. Wazungu siku hizi wanataka kaseti. Na mimi siwalaumu, kaseti hailewi, hailali na wageni, wala haiombi ruhusa ya kwenda matangani."

Vyombo vya besi vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa kidogo, amplifaya yenye vitufe vinne juu ya sanduku lenye spika moja pana, kitu ambacho watu wawili wangekibeba bila kutokwa na jasho. Cha pili kilikuwa jitu. Sanduku lilimfika Msellem kidevuni, lina spika nane ndani, na juu yake amplifaya yenye taa za kioo kwa nyuma, ambazo ukiiwasha zilipata moto polepole zikawa nyekundu.

Alianza na kidogo. Akavuta kiti, akapiga mapigo ya nyimbo anazozijua, polepole kisha mbio. Sauti ilitoka ya mviringo, kila uzi na neno lake, wala hakuna lililomkanyaga mwenzake. Msellem alitikisa kichwa kwa ridhaa.

Kisha akatia waya kwenye lile jitu. Pigo la kwanza tu, vumbi lilimwagika kutoka kwenye makuti ya paa, na ndoo zilizopangwa ukutani zikalia zenyewe. Kahindi alijishika kifua akacheka.

"Piga tena, bwana! Panya wote wahame!"

Msellem akapiga tena. Kifua kilimjaa. Miaka yote hiyo alipiga nyuma ya watu, na mara nyingi wageni walimwuliza Abdillahi yule bwana wa pembeni kazi yake nini. Leo alihisi kwamba hakuna kiumbe Malindi nzima atakayeuliza tena.

Tsuma alikuwa amechutama mbele ya kile kidogo akisoma maandishi. Akainuka. "Kaka Msellem, mimi naona hiki kidogo ndicho."

"Kwa nini?"

"Pale kwa Bi Kibibi uani ni kuta za mawe pande zote. Lile kubwa litavuma. Maneno ya Bi Chiku yatapotea."

"Si nitalipunguza?"

"Ukilipunguza litanguruma chini chini. Ngoja, kaka, wewe piga mimi niimbe kidogo, tusikie maneno yanatokaje."

Msellem alimtazama yule kijana, uso wake mlaini, mkono wake wa kushoto umeegemea sanduku dogo. Mkono huohuo. Wazo likamwingia, na shetani hahitaji mlango mpana. Huyu ananitakia kidogo. Huyu anataka nisisikike, ili siku hiyo watu waulize besi iko wapi, na yeye awajibu kwa kidole.

"Wewe si mwimbaji, bwana mdogo," akamwambia. Kisha akamgeukia mtunza stoo. "Ungekuwa wewe, ndugu Kahindi, ungechukua kipi?"

"Mimi ni mtu wa funguo. Lakini nikiambiwa nichague ng'ombe au mbuzi, siendi kwanza kuuliza mwalimu."

Wakacheka wawili, Tsuma hakucheka. Na jitu likapakiwa.

Laiti angekubali ubeti mmoja tu uimbwe mle stoo! Kwani tarabu yetu ni maneno. Mwanamke haendi arusini kusikiliza nyuzi. Anakwenda kusikiliza nani kaambiwa nini, na nani kajibiwa. Msellem aliyajua hayo tangu hajaota ndevu, ila siku hiyo hofu ilimziba masikio.

Nyumbani, Mahfudha mkewe alilitazama lile sanduku likiingizwa kwa ubavu, akajibana ukutani lipite.

"Baba Nuru, hili tutalala nalo chumba kimoja?"

"Ni la siku chache. Likishasikika arusini litakaa kilabuni."

"Mungu alitie kheri," akasema Mahfudha, akalifunika leso lisipate vumbi.

Arusi yenyewe ilikuwa ya alasiri, siku ya kumtoa bibi arusi mbele ya wanawake. Ua wa Bi Kibibi ulifunikwa turubai, mikeka ikajaa, udi ukafukizwa, na wapigaji wakakaa barazani mlangoni. Umeme waliupata kwa jirani muuza barafu, waya umepitishwa dirishani. Na kila mtu pale alijua kinachongojewa. Mashangazi wa bwana arusi walikuwa wamepita wakisema kwamba binti amekaa sana kwao, kwamba wameokota tunda lililokwisha dondoka. Bi Kibibi hakujibu barabarani. Alimtafuta mtunzi akatungiwa wimbo, akalipa, akanyamaza. Wimbo huo ndio jibu, na mashangazi walikaa mkeka wa mbele, kanga zimewaka, wakingoja kujibiwa.

Msellem aliwasha. Abdillahi akateleza na fidla, tari ikaingia, kisha besi.

Kuta za mawe ziliishika ile sauti zikarudishiana. Bi Chiku alifungua kinywa, na watu waliuona mdomo wake ukicheza. Wanawake wakainama mbele. Wengine wakatega sikio kwa kiganja.

"Kasema nini?"

"Kasema sijui... nanasi?"

"Nanasi! Nanasi limeingiaje hapa?"

Shangazi mmoja wa mkeka wa mbele akaangua kicheko. "Jibu letu ndilo hili? Mngetwambia, tungekuja na mahindi yetu tuyasagishe!"

Bi Kibibi alikuja mpaka barazani, ushungi umemwanguka mabegani, machozi ya hasira yamemlenga. Hakupaza sauti. "Msellem, mwanangu, mimi nimekukosea nini? Nimeleta tarabu au mashine ya kusaga?"

"Napunguza, Bi Kibibi. Niwie radhi, mama, napunguza."

Akapunguza. Akapunguza tena, mpaka yeye mwenyewe, ameketi pembeni ya sanduku, hasikii kitu ila vidole vyake. Lakini kule kwenye pembe za ua sauti ilibaki inanguruma, haina wimbo, kama tumbo la mgonjwa. Bi Chiku akaanza tena ubeti wa kwanza. Hakuinuka mtu hata mmoja kuja kumtunza pesa. Na katikati ya ubeti taa za uani zikafifia, zikarudi, zikafifia, na sauti ya jirani ikasikika dirishani.

"Enyi! Barafu yangu yayeyuka! Friji lalia kama paka kwa hilo dubwana lenu!"

Waya ukachomolewa. Maikrofoni ikafa, besi ikafa. Zile taa za kioo nyuma ya amplifaya ziliendelea kuwa nyekundu kidogo, kisha zikazimika.

Kinanda cha Tsuma kilikuwa na betri. Tsuma alimtazama Abdillahi, Abdillahi akatazama chini, kisha akakubali kwa kichwa. Mkono wa kushoto ukashuka.

Bi Chiku alisimama akatembea mpaka katikati ya mikeka, akaimba kwa koo lake alilopewa na Mungu. Neno la kwanza lilipotoka, ua mzima ukanyamaza. La pili lilipotoka, mtu akapiga kigelegele. Walipofika pale tunda linapomwambia mpita njia kwamba halikudondoka, ila yeye ndiye mfupi wa mkono, wanawake waliinuka kwa pamoja, noti zinapepea, wanamtunza Chiku kichwani, kifuani, na wengine wakaziweka juu ya kinanda. Bi Kibibi alicheza huku analia. Mashangazi hawakuinuka, mmoja akijipepea, uso kaugeuza upande.

Msellem alibaki na gitaa mapajani. Vidole vilikuwa vinakwenda kwenye nyuzi kwa mazoea tu, wimbo mzima mpaka mwisho, wala hakukosea pahali. Hakuna aliyemtazama.

Wakati wa kufungasha, Abdillahi alimsaidia kukunja waya. Aliukunja kwa uangalifu mkubwa, akaufungua, akaukunja upya.

"Sema tu," akasema Msellem.

"Niseme nini, na wewe ulikuwapo?"

Basi hayo ndiyo yaliyosemwa.

Sanduku lilirudi kwa Mahfudha. Abdillahi alitafuta mnunuzi Malindi yote mpaka Kilifi, hakupatikana, kwa kuwa wenye mahoteli walikuwa nao wanauza. Likabaki pale chumbani, leso juu yake, watoto wakilizunguka kwenda kulala. Msellem aliswali, akala alichopikiwa, akaenda kwenye chokaa yake. Alipoulizwa kazi, alisema, "Napaka." Mahfudha alikuwa akimwombea nyuma ya sala zake, na asijue amwombee nini hasa.

Siku moja Tsuma alimfuata kwenye nyumba aliyokuwa akiipaka, karibu na njia kuu. Msellem alikuwa juu ya ngazi.

"Shikamoo, kaka Msellem."

"Marahaba."

"Nina neno limenikaa. Mimi besi sitaki kuipiga. Mkono wa kushoto ukishika besi, wimbo wote naupiga kwa mkono mmoja kama kilema. Ndiyo maana nilikwambia uchukue kile kidogo. Nilitaka ubaki."

Brashi ilisimama ukutani. Chokaa ikashuka kwenye kifundo cha mkono, ikaingia ndani ya shati.

"Ungeniambia," akasema Msellem.

"Nilikwambia, kaka."

Msellem alimtafuta usoni, akaona ni uso uleule wa stoo, mlaini, hauna kitu nyuma yake. Na hata hapo kuna pembe moja ya moyo wake haikuweza kumwamini.

"Kile kidogo kiko bado?"

"Nilikwenda Watamu jana kukiulizia. Kahindi asema walikichukua watu wa kanisa moja huko Kaloleni. Na kilabu sasa hakina pesa."

"Leo mnapiga wapi?"

"Gongoni. Gari latupitia hapa njiani."

"Umpe Bi Chiku salamu zangu."

"Zitafika."

Msellem akachovya brashi, akaanza tena kutoka juu, maana ile sehemu ilikuwa imekauka vibaya. Ngazi ilikuwa inacheza, mguu mmoja haukukaa sawa mchangani. Tsuma akaweka chini mkoba wa kinanda, akamshikia ngazi kwa mikono miwili, mpaka aliposikia honi ya gari na wenzake wanamwita.