Shimo Nyuma ya Jiko la Mama

Kaka zangu walioko Nairobi walituma choo cha kukalia kabla hata shimo halijachimbwa. Kilifika kwetu kijijini Kianjokoma kwa pikapu, cheupe pepepe, na Mama akakiweka sebuleni kando ya televisheni, akakifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe. Wageni walikunywa chai karibu nacho wakampongeza. Kusema kama kitatumika kulikuwa juu yangu, kwa kuwa mimi ni afisa wa afya ya umma na tena ni kitindamimba. Kazi hizo mbili hazina likizo.

Mama alikihitaji kweli. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, na choo cha shimo Baba alikichimba mbali, chini kabisa kupita kisima, kwenye migomba. Mvua ikinyesha njia ile huteleza kama sabuni. Msimu uliopita alianguka huko akakaa kwenye tope mpaka jirani alipomsikia, akaja kumwinua. Tangu siku hiyo aliacha chai ya jioni. Mtu aliyenilea kwa chai!

Huku kwetu shamba ni utepe mwembamba unaoshuka kutoka barabarani hadi mtoni. Sehemu ya juu, yenye udongo mwekundu unaomeza maji vizuri, kaka zangu hao hao waliiuza. Mama alibaki huku chini na nduma zake, yaani magimbi, karibu na kisima kinachonywesha nyumba nne. Nduma zake zinasifiwa kijiji kizima, na nduma haistawi pakavu. Hilo peke yake lingetosha kunijulisha kwamba ardhi hii imejaa maji, lakini nilitaka sana kukosea.

Vijana wawili walichimba shimo la majaribio nyuma ya jiko. Niliingia shimoni. Juu udongo ulikuwa mwekundu, ila kuanzia usawa wa kiuno changu ukawa wa kijivu, wenye madoa ya kutu. Madoa hayo ni alama kwamba maji ya chini hupanda hadi hapo wakati wa mvua. Niliyaona nikajifanya sijayaona. Jioni tulijaza shimo maji ili udongo ushibe, nipime asubuhi yanavyoshuka; yasipozama, choo cha maji hakifai hapo.

Asubuhi shimo lilikuwa karibu tupu. Nusura niimbe. Kisha nikaona nyasi zimelowa upande wa pili, sufuria yenye tope, na ukingoni alama mbili za magoti.

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, leso aliyojifunga imelowa, imemganda miguuni.

"Si umeona maji imeenda?" akasema. "Sasa andika."

"Mama, umeyachota."

"Nimechota mara tatu," akasema kwa hasira. "Inarudi tu. Hii shimo yako ni ya aina gani?"

Hakujua kwamba amenisomea majibu mwenyewe. Maji yalikuwa yanapanda kutoka chini, na chochote ambacho tungemwaga pale kingefuata njia hiyo hiyo mpaka kisimani. Nilimweleza. Tangi la kufungwa pia nililifikiria, lakini lori la kulinyonya lingepita wapi, na huko juu kumezibwa na ua wa aliyenunua shamba?

"Wewe si ndio serikali, mami?" Mama akanibembeleza, kwa jina aliloniita utotoni. "Nani atakuuliza?"

Kweli, hakuna ambaye angeniuliza. Fomu ilikuwa mkobani pamoja na mhuri. Nilimkasirikia Mama, nikajikasirikia mimi, nikawakasirikia kaka zangu kuliko wote. Nilitafuta pa kutokea sikupaona. Jirani aliyemtoa Mama kwenye tope hunywa maji ya kisima kile. Sisi pia tunayanywa.

Niliandika kwamba mahali hapa hapafai, nikapiga mhuri.

Mama aliisoma fomu taratibu, neno kwa neno, akanirudishia. Hakunitukana, na heri angenitukana.

"Haya," akasema. "Na vile nimebanwa tangu alfajiri."

Akachukua fimbo yake, akaanza kuteremka kuelekea migombani, tope la shimo langu likiwa bado kwenye magoti. Nilimkimbilia nikamshika mkono. Akautoa polepole.

"Wacha," akasema. "Kesho hutakuwa hapa."

Nilisimama pale pale, fomu mkononi, mpaka niliposikia mlango wa choo ukifungwa.