Mfalme Aliyezikwa Uani Kwetu

Binti yangu Thuraya alikuwa hataki hata kulisikia somo la Waanglo-Saksoni, Waingereza wa kale. Nikaapa atalipenda, apende asipende. Nikamwambia wafalme wao walizikwa na mali zao, na huenda mmoja kazikwa hapa hapa Maskati, uani kwetu. Kisha nikalifukia kwa siri dele la kahawa la mama mkwe, la fedha, nikampa mtoto koleo.

Mara wageni wakapiga hodi. Mama mkwe akapekua kila kabati akitafuta dele lake. Niliona haya kusema, nikapiga magoti, mwanamme mzima, natafuta chini ya makochi.

Thuraya akaingia mbio, vumbi tupu, dele mkononi.

"Baba, mfalme yupo kweli! Lakini mbona kazikwa na dele la Bibi?"