Mfuko wa Ndani

Leo kwenye foleni ya zahanati, mzee mmoja aliketi kando yangu, nguo zake zikinuka tumbaku ya kukaushwa kwa moto. Wengine hawakusikia chochote. Mimi ilibidi nitoke nje, nishike ukuta. Pua hii imenichosha tangu utotoni.

Baba yangu alikausha tumbaku kule Migori, na koti lake lilinuka moshi wa banda hata likifuliwa. Alipozikwa, nguo zake ziligawanywa, na koti akapewa baba mdogo, mvuvi wa Homa Bay.

Alirudi kututembelea baada ya mavuno, akiwa amelivaa. Nilimkimbilia, nikazika uso kwenye mkono wa koti. Nikasikia dagaa wa omena, mafuta ya taa, na jasho lisilo la baba. Nikarudi nyuma nikilia.

"Huyu mtoto atanusa watu mpaka lini?" mama akasema. Alikuwa amechoka.

Baba mdogo hakucheka. Alichuchumaa, akafungua vifungo, akanionyesha mfuko wa ndani, upande wa kifua, uliofungwa kwa pini.

"Weka pua hapa, nyathina, mtoto wangu. Hapa ndani sijawahi kutia mkono."

Baba alikuwa humo.

Kila alipokuja aliifungua ile pini, nikanusa mara moja, akafunga upesi. Kila mara moshi ulikuwa umepungua. Kisha siku moja sikusikia kitu.

"Harufu bado iko?" akauliza.

"Bado," nikasema. Akairudisha pini polepole, asije akaimwaga ile harufu.