Kitabu Chenye Sura ya Makosa

Biskuti zangu za kwanza nilizifunika kwa majani ya mgomba, kama tunavyofunika kila kitu jikoni kwetu Mabawe. Zikatoka zimelowa. Dada wa mume wangu akabonyeza moja kwa kidole, akacheka mbele ya wageni: "Wifi, hizi tunakula na mchuzi gani?"

Hasira zikanipeleka hadi kwa muuza vitabu vya mitumba, sokoni Benaco. Alikuwa na viwili vya biskuti. Alining'ang'aniza kile kinene, picha zinang'aa mpaka unatamani kulamba ukurasa. Nikakifunua mwanzo hadi mwisho. Humo hakuna biskuti iliyowahi kuharibika. Sasa mtu asiyewahi kuharibu atanifundisha nini mimi?

Kile chembamba hakikuwa na picha hata moja, ila kilikuwa na sura nzima ya makosa. Kilisema biskuti zikilowa, ujue mvuke umekosa pa kutokea.

"Mama, unaacha picha zote hizi?" muuzaji akashangaa.

"Picha haziliwi."

Jumapili baada ya misa nilizipanga kwenye sufuria bila jani lolote, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, nao nikauegesha upande mmoja ili mvuke utoke. Wifi akauma ya kwanza. Ikalia kah! Mama mkwe akageuka kutazama. Wifi akatafuna, akameza, kisha akaniomba nimwazime kitabu.

Nikamwongezea biskuti.