Beberu wa Mama Tirngo kwenye Genge la Walia

Mama mkwe wangu, Tirngo, alikuwa na beberu mmoja tu, rangi ya asali, na ndiye aliyepanda majike ya karibu kijiji kizima. Hata jirani yetu Yeshihareg, anayemsema Mama kwa kila jambo, alileta mbuzi wake kwetu.

Msimu wa walia kupandana ukifika, kila mtu hufunga mabeberu yake ndani. Walia ni mbuzi wa mwitu wa milima yetu hii ya Simien, hawapo kwingine popote. Beberu wa nyumbani akiwapanda, kitazaliwa kitu kisicho chetu wala cha mlimani. Mama alimfunga wake, ila kwa kamba ya magunia ya chumvi. Beberu akailamba, akaitafuna, asubuhi tukamwona kule chini ya genge la mlima, anayafuata majike ya walia.

Yeshihareg akaja mbio. "Tirngo! Unaozesha mwana hata hutualiki?"

"Na wewe harusini unakuja mikono mitupu?" Mama akamjibu, huku anafunga shuka yake kiunoni.

Dereb, mlinzi wa hifadhi, alikuwa ameshaishusha bunduki begani. "Mama, nisamehe. Akiwafikia, nampiga."

"Ungoje kwanza, mwanangu. Nikishindwa, piga."

Akavua viatu, akashuka. Mimi nilibaki juu na mtoto mgongoni, maana ule ujia hata mbwa wetu huukataa. Dume la walia, ndevu nyeusi, pembe zimepinda mpaka mgongoni, lilisimama likimtazama. Mama hakulijali. Alinyoosha kiganja chenye bonge la chumvi, akamwita beberu wake kwa ile sauti anayombembelezea mjukuu wake. Yule akasita, akatazama majike, akatazama chumvi. Akaja. Mama akamkamata pembe.

Alipofika juu, Yeshihareg alicheka kwa furaha. "Afadhali! Majike yangu mawili yanamngoja."

"Yasubiri mwingine," Mama akasema. Akamgeukia mume wangu. "Mesafint, mhasi, asipande tena."

"Mama! Si ndiye pekee tuliye naye?"

"Ameshaijua njia. Kesho nikiumwa, nani atashuka? Mkeo, na mtoto mgongoni?"

"Na sisi tupate wapi beberu?" Yeshihareg akauliza, sasa hacheki tena.

"Bondeni wako tele. Tutayapeleka majike huko, mimi na wewe, kwa miguu. Utapata siku nzima ya kunisema."

Dereb akarudisha bunduki begani, akainama akambusu Mama bega, kama wanavyobusiwa wazee wetu wanaoheshimiwa. Mama hakutaka mambo mengi. Alipiga magoti, akakishika mwenyewe kichwa cha beberu wake, akamwambia polepole, "Tulia, baba, tulia," mpaka Mesafint alipomaliza.

Kule gengeni majike ya walia yalikuwa yameinamisha vichwa, yanakula majani. Nikamgeuza mwanangu mgongoni, ayaone.