Mama Nukta na Kamera Inayoinama

Mke wangu kazini wanamwita Mama Nukta, na nyumbani hawezi kukaa kwenye meza inayoyumba. Atainama, akunje kipande cha kadibodi, akisukumize chini ya mguu, ndipo anywe chai. Alifanya hivyo siku ya kwanza nilipompeleka kwa dada yangu. Dada alingoja wifi yake aende kunawa, akakichomoa.

"Amekuja kunisahihisha kwangu," akaniambia.

Tangu hapo wakawa hawapikiki chungu kimoja.

Basi dada akaugua. Katika hospitali ambako mke wangu ni mpimaji wa mashine za picha, alidungwa dawa inayotoa mionzi, kamera ikamzunguka, na kompyuta ikaziunganisha picha zake. Ini lilionyesha madoa mawili. Daktari alisema doa lingekuwa moja angepasua. Yakiwa mawili, hapasui.

Jioni nilimfuata mke wangu jikoni. "Haiwezekani likawa moja?"

"Sijui. Kichwa cha ile kamera kizito. Kikipita chini ya kitanda kinainama kidogo, na kompyuta inaamini kimezunguka duara kamili, basi doa moja laweza kuonekana mawili. Daktari kaniomba nipime."

"Basi pima uone moja."

Akaniangalia mpaka nikaona aibu. "Baba watoto, nitapima. Kitakachoonekana ndicho nitakachosema."

Iliniuma, sifichi. Nilitaka aniongopee.

Kesho yake aliweka kitandani tone dogo la dawa ile, nukta hiyo hiyo iliyompa jina, akaizungusha kamera na kupima kila pembe kichwa kinainama kiasi gani. Kisha akaipa kompyuta njia halisi kiliyopita, ikaziunganisha upya picha za dada. Mimi nilikuwa kwenye benchi la korido, roho juu. Akatoka akifuta miwani.

"Lipo," akasema. "Ila ni moja."

Nililia palepale, mtu mzima mimi, wagonjwa wananitazama.

Dada alipasuliwa, akapona, akatualika. Hakumshukuru wifi yake. Ana kiburi dada yangu, nimemzoea. Alimimina chai akaanza uchokozi wake.

"Mbona umekonda, wifi? Au kaka yangu anakunyima chakula?"

Mke wangu akaegemeza kiwiko mezani, kama kawaida yake, kuijaribu. Haikuyumba. Akainama kuchungulia. Chini ya mguu palikuwa na kadibodi mpya, imekunjwa vizuri.

"Kunywa chai, wifi," dada akasema. "Inapoa."